Bluu ya Bibi Jicho

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amenianza hata mkoba sijautua. Salamu hakuna. "Hiyo skrini yako ina homa ya manjano."

Skrini niliipima Ijumaa jioni kwa kile kidude changu. Kinafanana na kipanya cha kompyuta. Unakining'iniza juu ya kioo, kinasoma rangi moja baada ya nyingine, kisha kinaiambia kompyuta wapi skrini inadanganya. Nimetoka nacho gazetini, nilikofanya kazi kabla ya kuolewa. Skana nimeipima. Printa nimeipima, kwa kila aina ya karatasi. Lengo ni moja tu: kitambaa kikiwa chekundu mezani, kiwe chekundu kile kile kwenye skrini, na kile kile kwenye karatasi. Ndiyo kazi yenyewe.

Lakini hapa kazi ni jicho la Mama. Duka hili la picha na uchapaji walilianzisha yeye na marehemu baba mkwe, na mpaka leo hakitoki kitu mlangoni bila yeye kukitazama. Wateja wanamwita Bibi Jicho. Analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Tumepata kazi kubwa: katalogi ya Mama Mapazia, yule mwenye duka la mapazia kona ya pili. Wateja wake wa mbali wanaagiza kwa kutazama picha. Rangi ikikosewa, mtu anatundika sebuleni kitu ambacho hakukinunua.

Nimeskani vipande vya kwanza vya vitambaa. Nimetoa sampuli. Mama kaiinua, kaigeuza, kaiweka. "Manjano. Ongeza bluu."

Nikamwambia kipimo kinasema iko sawa.

"Kipimo kimezaliwa lini?"

Mume wangu alikuwa anafungua boksi la karatasi. Akasema, mwache Mama. Basi. Maneno mawili, ndiyo mchango wake wote kwenye ndoa hii.

Jumatano, 5 Machi

Nimewasha skrini — bluu. Picha zote kama zimepigwa ndani ya friji.

Nimeangalia vitufe vya nyuma. Mtu kaingia kwenye menyu, kashusha nyekundu, kapandisha bluu. Mtu! Kana kwamba tuko wengi.

Nimepima upya. Kazi ya asubuhi nzima imeliwa. Mama amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, miguu juu ya kigoda, anaongea na mteja wa picha za pasipoti, sauti ya kunifikia mimi: siku hizi watu wanahitaji mashine iwaambie kwamba nyekundu ni nyekundu. Mteja akacheka. Nikampiga picha huku naye anacheka, ikabidi nirudie.

Halafu, bila kupumzika, akaingia kwenye wimbo wake wa pili. Eti binti wa jirani ameolewa juzi tu na tayari ana tumbo. Eti wengine wanakumbatia kompyuta.

Nimeuma ulimi mpaka umekuwa mzito.

Alhamisi, 6 Machi

Bluu tena.

Nimepima tena. Nikafunika vitufe kwa plasta ya kidonda. Jioni plasta iko kwenye pipa la taka, imekunjwa vizuri. Hakujisumbua hata kuificha.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yangu kajifungua. Nikaomba ruhusa jana, nikaenda kumwona, nikalala huko, nikabeba mtoto, nikafurahi kama binadamu wa kawaida.

Nimerudi leo adhuhuri. Printa inavuma. Katalogi nzima imechapwa. Nakala zote. Mama ndiye aliyeidhinisha rangi, mume wangu ndiye aliyebonyeza.

Nimefungua ya juu. Pazia la damu ya mzee limekuwa zambarau. La dhahabu limekuwa kijani cha maji ya mtaro. Lile jeupe la maziwa linakaa kama ukuta wa mochwari.

Nikamwuliza mume wangu aliona nini alipozitazama. Akasema aliona kwamba siyo sawa. Kwa nini basi? Akasema, "Mama alikuwa amesimama hapa."

Mtu mzima. Ana ndevu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mapazia amekuja, na hakuja mikono mitupu. Kalileta pazia lenyewe begani, zito, limeburura vumbi lote la barabarani. Kafungua katalogi juu ya kaunta, kalitandaza pazia pembeni ya picha yake, karudi nyuma hatua, mikono kiunoni.

"Nionyesheni," akasema, "ni wapi hawa ni ndugu."

Kulikuwa na foleni ya wateja. Wote wakanyoosha shingo.

Mama akalishika pazia, akalisogeza karibu na uso, kisha mbali. Nikadhani atasema lolote la aibu kidogo. Nilikuwa tayari hata kumsaidia. Naapa nilikuwa tayari.

"Tangu mke wa mwanangu alete kidude chake humu ndani," akasema, "rangi zote zimevurugika. Namwambia, hasikii. Utanisamehe, mama. Ni mgeni kwenye kazi."

Mgeni! Nimekaa na rangi tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini.

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anapanga kalamu kwenye kopo. Zote zilikuwa tayari zimepangwa.

Mama Mapazia akaniambia mimi, siyo Mama, mimi, kwamba kama siwezi kazi niseme, kuna wanaoiweza. Anataka zichapwe upya zote. Akaondoka na pazia lake.

Nilienda chooni nikafungua bomba ili lipige kelele.

Jumanne, 11 Machi

Jana usiku hatukuongea. Leo asubuhi mume wangu kaniambia alinyamaza ili mambo yasikue. Nikamwambia yamekua. Yamekua yamefika darini.

Akasema ningemjibu Mama ningekosa adabu. Nikamwambia sikuomba nimjibu mimi, niliomba amjibu yeye. Akavaa viatu.

Ijumaa, 14 Machi

Sikiliza hii. Naiandika polepole ili niione vizuri.

Tulikuwa wawili dukani. Printa kubwa imeishiwa wino, na Mama huwa haruhusu mtu mwingine kujaza. Akachukua chupa mbili, ya bluu na ya nyeusi, lebo zimelowa zimechanika. Akazitikisa. Akazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akazitazama kwa upande, kama kuku anavyotazama punje. Akarudi. Akaniambia, kwa ile sauti ya kuagiza, "Nishikie hii ya bluu," akanipa nyeusi.

Nikasema, "Hii ni nyeusi, Mama."

"Ndiyo nilivyosema."

Akainua uso kunikaripia na jua la mlangoni likamwingia machoni. Nikaona. Pale katikati, panapotakiwa kuwa peusi, hapakuwa peusi. Palikuwa kama kioo cha dirisha mtu alichokipumulia, na chini yake unjano, kama chai ya rangi iliyozidi maji. Macho yote mawili.

Ndiyo maana. Anatazama dunia nzima kupitia chai! Kila kitu kwake kina homa ya manjano, na kila siku anakitibu kwa bluu. Picha zangu. Skrini. Mapazia ya watu.

Nilitakiwa kumwonea huruma. Nilifurahi. Naandika kama ilivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunisuta. Nilifurahi mpaka nikamwaga wino kwenye sketi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya, na sijui kama nimeshinda.

Nilisubiri tufunge, mume wangu awepo. Nikatoa karatasi nilizozichapa asubuhi: miraba ya bluu iliyokoza na miraba myeusi. Nikazichanganya juu ya kaunta. Nikasema kwa sauti tamu kabisa, Mama, nimeshindwa kuzitenganisha hizi, naomba jicho lako.

Alipenda sana kuombwa. Ndicho kinachoniuma sasa hivi ninapoandika. Alivuta kiti, akakunja mikono ya blauzi, akaanza: hii huku, hii huku. Hakusita. Nyeusi kwenye bluu, bluu kwenye nyeusi, fungu lote shaghalabaghala. Kisha akasugua viganja. "Umeona? Bila kidude."

Mume wangu akaja kuangalia. Akaangalia mafungu. Akamwangalia mama yake, na mara hii akamwangalia machoni kweli.

"Mama," akasema, "haya ni mchanganyiko."

Mama alicheka kwanza. Kisha akachukua karatasi moja akaipeleka chini ya taa. Akachukua nyingine. Alikaa nazo pale chini ya taa muda mrefu. Akaziweka chini, akachukua mkoba wake, akasema tu, "Mmeona mnichezee, na duka ni langu."

Akaondoka peke yake kwa miguu.

Nikadhani mume wangu atanishukuru. Nilipomsimulia ya chupa za wino, alinigeukia mimi. Eti nilikuwa najua tangu jana. Eti ningemwambia yeye faraghani, tukampeleka hospitali kwa heshima, lakini nimeona bora nimfanyie mtihani kama mtoto wa chekechea. Sauti yake ilikuwa juu. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Kumbe anayo. Siku zote hizi anayo, amenitunzia mimi.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali ya macho. Tulienda wote watatu, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Daktari ni mwanamke mfupi, anaongea haraka. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na siyo wa jana. Lenzi ya ndani imechakaa imekuwa ya njano. Mtu hajijui kwa sababu inakuja kidogokidogo. Atapasuliwa jicho la kulia kwanza, la pili baadaye. Akauliza kama mgonjwa anafanya kazi inayohusu rangi. Mume wangu akakohoa.

Mtoto wa jicho! Mwaka wa tatu huu mwanamke huyu ananidai mjukuu kila siku ya Mungu, kumbe mtoto anaye yeye mwenyewe, tena pacha. Hiyo nimeitunza rohoni. Nilitaka kuisema kwenye korido. Ilifika hapa kooni.

Mume wangu alipoenda kushughulikia makaratasi, tukabaki kwenye benchi, mimi na yeye. Hakunigeukia.

"Umefurahi?"

Nikafikiri. "Kidogo, Mama."

"Kidogo?"

"Siku ile nilifurahi sana. Leo kidogo."

Akavuta mtandio wake. "Angalau wewe husemi uongo," akasema. "Yule mwanangu angesema hapana." Kisha: "Mama Mapazia asijue."

Hakuomba. Aliamuru. Lakini aliamuru chinichini.

Jumatatu, 24 Machi

Katalogi mpya zimetoka. Rangi zangu, kuanzia skana mpaka karatasi. Hakuna aliyegusa vitufe.

Mama Mapazia kaja na pazia lake. Kalitandaza. Safari hii ilibidi ainame kutafuta picha inaishia wapi na pazia linaanzia wapi. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe mnaweza," kisha akauliza Bibi Jicho yuko wapi, naona mmemweka pembeni ndiyo kazi ikanyooka?

Nilikuwa nalo jibu. Sentensi moja tu na mtaa mzima ungelijua.

Nikasema amesafiri.

Sijui kwa nini nilisema vile. Siyo upendo, hilo nina hakika.

Alhamisi, 27 Machi

Upasuaji umeisha salama. Kesho wanafungua bandeji. Mume wangu amelala huko kwenye kiti. Nimewapelekea uji. Mama kauonja, kasema hauna sukari.

Jumatatu, 31 Machi

Mama amekuja dukani leo. Sikutegemea, daktari alisema apumzike. Miwani myeusi, mtandio, mume wangu kamshika mkono.

Akasimama mlangoni, akavua miwani, akatazama nje kwanza. Duka la vyombo la ng'ambo ya barabara. "Lile beseni," akasema, "siku zote ni la bluu?" Mume wangu akasema ndiyo. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akalizibua, akaziba la pili. Bluu. Chai. Bluu. Akafanya hivyo kwa kila kitu: kaunta, mikono yake, blauzi yake aliyodhani ni nyeusi. Mimi pia alinitazama hivyo. Kwa jicho lile, kisha kwa lile. Hakusema alichoona.

Nikamletea katalogi. Akaipekua, akalaza kidole juu ya pazia la damu ya mzee, akakiacha hapo. Nikajua anaelewa. Nikasubiri. Ilikuwa zamu yake, na angesema neno moja tu ningeridhika, hata "sawa" ningeichukua.

Akainua kichwa kutafuta pa kutazama, na ukutani, juu ya kaunta, kuna picha ya baba mkwe.

Ile ya zamani ilifubaa kwa jua. Hii aliichapa Mama mwenyewe mwaka jana, alitufukuza wote siku hiyo, hakutaka mtu aguse mashine. Aliongeza bluu, akaongeza, akaongeza, mpaka akaridhika. Mimi nimeizoea. Mashavu ya majivu. Midomo ya zambarau. Wateja wageni huwa wanaikwepa kwa macho.

Alisogea. Akaziba jicho bovu, akabaki na zima.

"Nani amemfanyia hivi baba yenu?"

Akaigusa fremu kwa vidole.

"Amekaa kama siku ile walipomtoa kwenye jokofu. Nani?" Akanigeukia mimi. "Ni wewe. Ni hicho kidude chako. Umemchapa mume wangu kama maiti ukamtundika nimwangalie kila siku."

Mume wangu akanitazama mimi.

Nikasema nakwenda kuchukua karatasi. Niko stoo. Naandika juu ya boksi, mwandiko wenyewe kama wa kuku. Jibu ninalo, ni fupi, na lote ni kweli. Nimelisubiri mwezi mzima, au miaka mitatu.

Mama analia. Sijawahi kumsikia akilia. Anasema, mwiteni huyo msichana atoke aniambie. Mume wangu anasema kitu, sisikii ni nini, sauti iko chini.

Sasa Mama yuko mlangoni pa stoo. Ananiita kwa jina langu.