Hakuna Aliyepinga

Tunis,
Jumapili, tarehe mosi Februari

Ndugu yangu Mondher,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na zimfikie shemeji Beya, ambaye najua ndiye anayekusomea haya kwa sauti. Natumaini baridi ya Sfax haijakurudishia kile kikohozi, na kwamba mama mkwe wako ameanza kuinuka kitandani. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala kidogo, naenda kazini. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Shemeji, kabla sijaanza nina ombi kwako. Soma kila neno, usiruke. Nakujua wewe, ukiona jambo la kumuumiza mumeo unalipaka asali kwanza. Safari hii usilipake kitu. Ukifika mahali utakapotamani kuitia karatasi hii motoni, malizia kwanza, kisha uitie.

Mondher, tangu nisikie umeacha kazi nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua. Ndiyo maana naandika. Mkononi nina kalamu, na kalamu haina mahali pa kukimbilia.

Habari za kinu chenu cha mafuta ya zeituni nilizipata kwa Lotfi, dereva wenu wa lori, alipoleta mafuta huku mwezi uliopita. Nilimkaribisha kahawa, akanisimulia yote. Alisema umeme ulikatika katikati ya msimu, zeituni zimejaa uani, na uliporudi, ile kompyuta ya kinu iliwaka nusu ikasimama, ikawa inauliza swali kwenye skrini yake nyeusi. Miaka kumi na tisa swali la namna hiyo limekuwa likija moja kwa moja kwenye ubao wako wa nukta nundu: nukta zinainuka, vidole vinasoma, unajibu, kinu kinazunguka. Siku hiyo ubao ulilala bapa. Lotfi anasema ulikaa nusu saa nzima ukiupapasa. Kisha ukamwita mlinzi akusomee skrini, naye mlinzi, kwa kuwa anajua kusoma Kiarabu tu na skrini ni ya herufi za Kizungu, akaanza kukueleza maumbo ya herufi: hii kama fimbo, hii kama sikio la kikombe. Lotfi alilisimulia hilo kwa kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Halafu akaendelea. Zeituni zilikaa kwenye magunia siku mbili mpaka fundi alipofika kutoka Sousse, na zikawa zimeshaanza kupata joto na kuharibika. Wakulima wakakuvamia chumbani kwako kinuni. Mmoja aliuliza kwa sauti, ili usikie vizuri, ni nani huyo mwenye akili aliyemkabidhi kipofu macho ya kinu. Bwana Shedli, mwenye kinu mwenyewe, aliyekuwa akikuonyesha kwa wageni kama vile amekuzaa yeye, akakuambia taratibu kwamba labda wakati wa kupumzika umefika. Nawe ukamjibu kwamba ni kweli, vidole vyako vimekufa, uzee umevianzia huko. Ukachukua koti lako ukaondoka.

Hapo kicheko kilinikauka. Lotfi akaniuliza kama kahawa ilikuwa chungu.

Acha nikumbushe ya zamani kidogo, maana shemeji hajawahi kuelezwa sawasawa. Shemeji, kompyuta ikiwashwa, kabla ya picha na rangi zote mnazoziona, kiini chake huamka kwanza na kusema shida zake kwa maandishi kwenye skrini nyeusi. Maandishi hayo hayajipeleki kwenye skrini, yanapelekwa na kitu tunachokiita kiendeshi. Mumeo, tulipokuwa wanafunzi, alisema yeye hakubali kuwa mtu wa mwisho kuambiwa mashine inaumwa nini. Akaandika kiendeshi chake mwenyewe cha kuyapeleka maneno hayo kwenye nukta nundu. Kazi yangu ilikuwa kumsomea makosa, naye alikuwa akinitukana kwamba nasoma kama mtu anayetafuna mkate mkavu. Hatukuwa na kitu wakati ule, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Baadaye yeye akaenda kinuni kusimamia kompyuta, mimi nikawa mtunzaji wa viendeshi vyote vya skrini katika kiini kile. Watu wa dunia nzima wananiletea mabadiliko yao, mimi nakubali au nakataa. Ni kazi ya usuluhishi, si nyingine. Kila kiendeshi kinaitaka skrini. Hiki kinaichukua, kile kinakataa kuiachia, na pale pa kukabidhiana mashine nzima inaweza kuganda. Kiendeshi chako, Mondher, kilikuwa mzee kuliko vyote na mkaidi kuliko vyote. Kila nilipoziba ufa, kilipasuka upande wa pili. Wenzangu vijana walikuwa wakiniuliza kwa nini tunabeba mzigo huu, nami nikiwajibu wakae kimya wajifunze adabu. Nilikuwa nimekuahidi kwamba maadamu nipo, hakiguswi.

Mwaka jana likagundulika ndani yake tundu ambalo mwizi angeweza kupitia. Kulitengeneza ni kazi ya miezi miwili. Sasa sisi tuna desturi yetu: kabla ya kung'oa kitu cha zamani, mtunzaji anatangaza hadharani, je, kuna mtu bado anakitumia? Wiki sita zinapita. Asiposema mtu, kinang'olewa, na mtunzaji anatia jina lake chini. Nilitangaza. Niliweka tangazo katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wakiwa wamechoka na wako msikitini, na nikajiambia imetokea tu.

Wewe ukaliona. Siku ya Idi uliniandikia mstari mmoja tu, kwangu peke yangu: kwamba wewe mwenzangu bado unakitumia kila siku ya Mungu, au mimi nimeanza kusahau? Nikakujibu ndani ya saa ile ile. Nilikuambia Idi njema, ondoa shaka, lile tangazo ni taratibu za kazi tu. Siku ile nilimaanisha. Nataka uamini hilo, ingawa halinisaidii kitu.

Na umeme ulipokatika, mtu wa kwanza uliyempigia ni mimi. Nilikuambia ni waya. Ukaenda kununua waya mpya, ukanipigia tena, nikasema basi zitakuwa zile nukta za ubao, zimechakaa, kila kitu kinazeeka. Ukauliza kama inawezekana si nukta zilizochakaa bali ni vidole. Nilikusikia vizuri kabisa, Mondher. Nikasema sijui.

Nilikuwa najua. Ubao wako ni mzima, na waya wa zamani ulikuwa mzima. Kiendeshi chako hakimo tena ndani ya kiini. Nilikitoa mwenyewe mwezi wa Mei. Bi Marijke, mkuu wa mradi mzima, aliniuliza kama kuna mtu yeyote aliyejitokeza. Ningesema yupo mmoja, ningebaki nacho, na lile tundu, na miezi miwili, na cheo nilichokuwa nakinyemelea kingekwenda kwa mwingine. Nikamjibu kwamba hakuna aliyepinga. Maneno mawili, na jina langu chini yake. Ilikatwa mistari elfu tatu na kitu, watu wakanipongeza kwa usafi. Jioni hiyo nilikula nikashiba. Msimu wa vuli kinu kikawekewa mfumo mpya wenye kiini hicho kilichokatwa, na jina lako halikuwa popote, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema hupo.

Lotfi alipoondoka nilikaa siku nne, kisha nikaandika hadharani kwamba nilidanganya. Nikaomba kirudishwe. Bi Marijke hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema kitarudi akipatikana mtu wa kukitunza, lakini mtu huyo hawezi kuwa mimi, maana saini yangu haiaminiki tena, na akanitoa kwenye orodha ya watunzaji. Wiki tatu zimepita, hakuna aliyeinua mkono. Wanaokielewa duniani ni wawili, mmoja haaminiki na mwingine hawezi kusoma skrini yake. Hakitarudi.

Nilimpigia Bwana Shedli pia. Nilimweleza yote, akasikiliza, kisha akasema ameshaweka kijana kutoka Gabès, ana watoto, hawezi kumfukuza, na yaliyopita si ndwele. Kwake ni rahisi kusema hivyo.

Kwa hiyo sikuletei dawa. Nimekuletea jambo moja tu, na shemeji alisome mara mbili: vidole vyako ni vizima. Siku ile vilipapasa nusu saa nzima na havikukosea hata nukta moja. Hapakuwa na neno pale ubaoni la kusomwa. Usikae barazani ukijiona mzee kwa sababu yangu.

Msalimie mama mkwe wako, na majirani walioniulizia. Niliahidi kuja Sfax Idi hii inayokuja kula nanyi samaki wa chumvi na sharmula ya shemeji, ule mchuzi wake wa zabibu kavu na vitunguu. Msiniwekee sahani.

Ni mimi,
Lasaad