Masanja na Picha ya Bunduki

Bariadi, Jumapili, Julai 1995

Bado mbavu zinaniuma kwa kucheka. Tangu majambazi wampige mdogo wangu Masanja risasi ya paja kwenye lori la pamba, nimekuwa nikitaka banda la video lifungwe, maana naona ujambazi wanajifunzia humo. Leo mchana, siku ya tatu tangu atoke hospitali, akaning'ang'ania nimpeleke.

Kwenye picha jamaa akapigwa risasi sita, akaendelea kukimbia.

"Mwongo huyu!" Masanja akapaza sauti. "Mimi moja tu, nilimwita mayu aliyenizaa mpaka jambazi mwenyewe akaona aibu!"

Banda zima likaangua kicheko.

Njiani nikamuuliza kama video zina lawama.

"Labda kidogo, dada. Lakini bunduki waliuziwa na mtu."

Sijui. Vijana walishangilia kila aliyeanguka, na hilo linanisumbua. Ila Masanja amerudi nyumbani kwa miguu yake, akiimba.