Nilizunguka Ukuta kwa Baiskeli, Rafiki Yangu Akiugulia Chini

Mpendwa Shangazi Qiu,

Naomba unisome mpaka mwisho hata kama katikati utatamani kuichana barua hii, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia na usingizi umenikimbia mwezi wa pili sasa. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu hapa Lanzhou, mwaka wa tatu, wenzangu huniita Shuang, na rafiki ninayekaa naye chumba kimoja bwenini nitamwita Yanli, ingawa si jina lake.

Sikukuu ya Mei Mosi tulikwenda Xi'an, safari ya siku moja ya watu wasio na kitu, yaani unapanda treni ya polepole jioni, unakosa kiti, unasimama karibu na choo mpaka alfajiri, unanawa uso kituoni, unazunguka jiji kutwa, halafu unapanda treni tena urudi bila kulipia kitanda popote, na mpango wote niliupanga mimi, saa kwa saa, sehemu saba, na nilijisifu kwa wenzetu kwamba hatutakosa hata moja. Yanli hakutaka sana kwenda, alikuja kwa sababu nilimwomba.

Tumbo lilimwanza saa nne asubuhi tukiwa kwenye foleni ya kuziona sanamu za kale za askari wa udongo, jua linatuchoma, watu wamebanana hadi huwezi kuinua mkono, akanivuta begi kwa nyuma akasema, "Shuang, hapa chini upande wa kulia panakata vibaya." Nikamwambia ni hedhi, anywe maji ya moto. "Hedhi yangu ilikwisha wiki iliyopita," akasema. "Basi ni zile tambi za kwenye treni. Wewe nawe, hata hatujafika popote ushaanza kudeka!" Akacheka kidogo, Shangazi, akacheka ili nisikasirike, tukaingia, nikampiga picha, na katika picha ile midomo yake haina damu, naiona sasa, siku ile sikuiona.

Kwenye basi la kurudi mjini alitapika ndani ya mfuko wa plastiki, abiria wakasogea mbali nasi, nami nilichosikia moyoni ni aibu, si huruma, ni aibu. Saa tisa mchana tukafika lango la kusini la ukuta wa kale wa jiji, ule mpana ambao watu hutembea juu yake, akakaa kwenye benchi akasema hawezi hatua nyingine, twende hospitali, nami nikatazama saa nikasema, "Pumzika hapa, napanda mara moja nashuka, tiketi nimeshanunua." Akaniuliza, "Mara moja kweli?" Nikasema kweli. Huko juu nikakuta baiskeli za kukodi, nikachukua moja, nikauzunguka ukuta wote, karibu saa mbili nzima, simu ikazimika betri njiani, na sikuharakisha, naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, upepo ulikuwa mzuri na nilifurahi kuwa peke yangu bila mtu wa kunilalamikia.

Niliposhuka benchi lilikuwa tupu. Mama mmoja mfagiaji wa barabara alikuwa amesimama pale na ufagio wake, akanitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye Shuang? Mwenzio ameanguka hapa, nimemwitia gari la wagonjwa. Kila akitapika alikuwa anakuita wewe. Nyie watoto mnapiga picha mawe, mtu mnamtupa!"

Hospitalini waliniambia ovari yake ya kulia ilikuwa imejisokota, damu haipiti, imebidi waiondoe. Daktari aliniuliza maumivu yalianza lini, nikasema saa nne asubuhi, akaacha kuandika, akasema, "Mngekuja mapema pengine tungeiokoa," kisha akaendelea kuandika.

Kesho yake mama yake Yanli akafika kutoka kijijini kwao Huining, hajalala, akanishika mikono yote miwili, akiamini mimi ndiye niliyemfikisha hospitali. "Mwanangu, bila wewe huyu angekufa njiani." Yanli alikuwa macho, anatazama dari. Nami nikajibu, "Usiseme hivyo mama, ningemwachaje?" Neno hilo lilinitoka lenyewe.

Tangu hapo mama huyo ananitumia mtama, viazi, soli za kitambaa za kuweka ndani ya viatu alizozitarizi kwa mkono wake, ananipigia simu kuuliza kama nimekula, na sasa anasema mwezi ujao atakuja kunifanya binti yake wa kujichagulia, mbele ya ndugu, kwa karamu. Yanli haniambii neno ila "zima taa". Mara moja tu, nilipomwambia nitamweleza mama yake ukweli, alijibu bila kunigeukia, "Mwache aamini. Angalau yeye awe na mtu wa kumshukuru." Je, Shangazi, nimwambie mama, ninyamaze, au nihame chumba?

Wako,
Shuang, Lanzhou

*

Shuang,

Sikuichana. Lakini nilipofika pale kwenye baiskeli niliiweka chini, nikaenda kwanza kujimiminia chai.

Hukusomea udaktari. Maumivu ya namna ile yamewadanganya watu wazima wenye akili zao, na shangazi yeyote angesema maji ya moto. Hilo jisamehe. Ila alipokwambia twende hospitali ulimsikia vizuri, ukatazama saa. Hilo ni lako, na nashukuru hukulipaka rangi.

Sasa nikugombeze. Umeniuliza habari za mama, karamu na chumba. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia Yanli "nisamehe", sijapaona. Mtoto wa watu amepasuliwa tumbo, nawe unamwendea kumwomba ruhusa ya kutua mzigo wako! Amekujibu kwa upole kuliko ulivyostahili.

Chumba huhami. Ukihama utakuwa umemwacha mara ya pili.

Kwa mama, usimweleze la ukuta mpaka Yanli akubali, kwa sababu kilichoondolewa kimetoka mwilini mwake, si mwako. Karamu lakini unaikataa, kwa simu, wiki hii, na usizue kisingizio cha mtihani wala homa. Sema, "Mama, sistahili, na sababu atakueleza Yanli akipenda." Atakung'ang'ania. Rudia hayohayo. Akiacha kukupigia simu, basi umepoteza kitu ambacho hakikuwa chako.

Muulize Yanli lini anarudi kwa daktari. Wanawake wengi wenye ovari moja wamezaa, ila la kwake daktari wake ndiye atakayemwambia ana kwa ana, si mimi gazetini. Akitaka umsindikize, nenda ukasubiri nje hata kutwa. Akikataa, kaa.

Na huenda asikusamehe. Utahitimu, utafundisha watoto, utazeeka, na huenda msamaha huo usije. Hata hivyo unauomba.

Uombe leo, kabla ya chakula cha jioni, mkiwa wawili tu. "Uliniomba hospitali, nikaenda kuendesha baiskeli. Nisamehe." Basi. Usiweke "lakini", usitaje usingizi wako. Na jikaze usilie, maana ukilia wewe itabidi yeye akubembeleze. Akianza kulia yeye, au kukutukana, mwache amalize. Usitoke chumbani.

Shangazi Qiu