Idrisa Amekuja Kwenye Arobaini Yako

Shomari, mtani wangu,

Salamu ya makaburini nilikupa leo asubuhi nilipokuja kukung'olea magugu. Hii ya karatasi ni yetu mimi na wewe, maana pale nilikuwa na shemeji zako na nisingeweza kusema ninayotaka kusema. Arobaini yako tumeisoma Ijumaa. Pilau ilikuwa nzuri kuliko ulivyostahili. Na Idrisa, winga wenu, amekuja. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza, kabla Kassimu wa tawi lako hajakuombea dua iliyojaa malalamiko.

Tangu uondoke, tawi lako la mashabiki limeingia mchanga. Nasema tawi lako, kwa sababu timu hiyo mimi siishabikii hata nikiwa na homa. Benchi lipo palepale ukutani kwako, bendera ipo, televisheni bado inatolewa dirishani siku za mechi, lakini watu hawakai kama walivyokuwa wakikaa. Huku wapo wanaomtaka Idrisa, kule wapo wasiomtaka, na katikati pameachwa nafasi ya mtu mnene kama wewe. Mechi mbili nimekuja kuwazomea kama kawaida yangu, na mara zote mbili hakuna aliyenijibu. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea.

Ulipokuwa hai walikuogopa. Idrisa alipopanda jukwaani wakati wa kampeni, kavaa kofia ya chama usichokipenda tangu ujana wako, akawaambia watu wakipigie kura, vijana wa tawi walitaka kumfuta siku ileile. Mtoto wa hapa Zinga, krosi kajifunzia kiwanja cha shule wewe ukiwa golini, leo anasimama na watu wale! Wakaja kwako wakidhani utakuwa wa kwanza kuwasha moto. Wewe uliwaangalia ukawauliza kama betri ya televisheni imeshachajiwa, kwa kuwa mechi ilikuwa Jumapili na umeme wetu unaujua.

Jumapili ile mimi nilikuwepo. Mpira ulipomfikia Idrisa kwa mara ya kwanza benchi zima hawautazami mpira, wanakutazama wewe. Ukainuka, kitumbo hicho, ukapiga kelele ileile ya miaka yote: "Panda, mwanangu, panda!" Nilikucheka, lakini moyoni nilikuonea fahari, Shomari. Sikukwambia. Watani hatuambiani mambo hayo.

Halafu siku ya Idd, Idrisa alipokuja nyumbani, akawa anapita njia ya nyuma asionekane na wewe. Ukatuma aitwe. Akaja kainamisha kichwa, akakupa shikamoo kwa sauti ya mgonjwa, na wewe marahaba yako ukaivuta mpaka mwisho, kisha ukamwambia, "Chama chako kibovu. Krosi zako nzuri. Kaa ule." Akakaa. Mkala. Mkabishana kutoka adhuhuri mpaka alasiri, mambo ya bei ya mbolea, ya mashamba yetu ya mananasi, ya nani alituahidi nini na hakutimiza. Ulimpigia meza mpaka bakuli la mchuzi likamwagika. Yeye naye hakukubali hata moja. Alipoondoka ulikuwa umekasirika kweli, na ulimfungia biriani ampelekee mama yake.

Siku hiyo nilikwambia unajisumbua. Nilikwambia mchezaji kazi yake kucheza, na shabiki kazi yake kushangilia, anampigia nani kura yanituhusu nini. Ukanijibu jibu lako lile, unafuta mchuzi kwenye kanzu, "Mtani, ukisema anayoyawaza hayakuhusu, umempenda miguu tu. Hata punda tunamuuliza kama kachoka." Nikasema wewe Mkwere hujawahi kumuuliza punda kitu. Lakini jibu lenyewe mpaka leo nalitafuta.

Sasa sikiliza walichofanya. Wiki ile baada ya kukuzika, Kassimu, katibu wako huyo mwenye haraka, alikuja na ndoo ya chokaa akaanza kuifuta ile picha ya Idrisa mliyoichora ukutani aliposajiliwa. Akafuta kichwa. Akafuta kifua. Alipofika kwenye bukta wenzake wakamzuia, wakasema miguu iachwe, kwa kuwa kichwa ni cha chama ila miguu bado ni ya timu, na mechi ijayo wanaihitaji. Basi mpaka leo ukutani kwako kuna miguu imesimama peke yake na njumu zake. Mkeo Bi Salma kila akitoka kufagia anaikuta. Alilia mbele yangu. Hakulilia picha, alisema, alilia kwa kuwa watu walikuwa wanafanya kitu nyumbani kwako bila kukuuliza, na hakuna tena wa kuulizwa.

Idrisa hakuweza kuja kukuzika, walikuwa kambini mkoa wa mbali. Akampigia simu Bi Salma akamwambia atakuja kwenye arobaini. Habari ikamfika Kassimu. Kassimu akaja kwa adabu zote, kavua viatu, akasema, "Mama, akiingia huyu sisi tunatoka." Na unajua hao ndio waliokuwa wamejitolea kupika, kufunga turubai, kuazima masinia na mikeka msikitini. Wakitoka wao, hitma yako inaliwa na nani, inapakuliwa na nani? Bi Salma alinisubiri mimi nilipokuja kuleta kuni akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye mtani wake. Fanya utakavyofanya, ila asifukuzwe mtu mlangoni kwa Shomari."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Mimi si msemaji. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kumsema mtu bila kumvunja. Nilichonacho mimi ni unyamwezi wangu tu, na hilo babu zetu walituachia: mtani msibani hafukuzwi, na anachokishika hanyang'anywi, mpaka kikombolewe kwa atakachotaja mwenyewe.

Ijumaa Idrisa akaja. Kanzu nyeupe, kofia ya kawaida ya mkono, hana mapambo yoyote. Akakaa mwisho kabisa wa mkeka, karibu na viatu. Dua ikasomwa vizuri, wote wakiwa pamoja, maana mbele ya Mungu hakuna aliyethubutu kusogea. Ilipokwisha, watu wakajipanga wannewanne kungojea masinia. Yeye akabaki peke yake. Kassimu alikuwa kashaanza kuwakonyeza vijana wake wainuke. Hapo nikaenda jikoni, nikampokonya mpishi mwiko mkubwa wa kupakulia, nikausunda kwapani ndani ya kanzu, mafuta ya pilau yananichirizika mbavuni, nikasimama katikati ya turubai. Nikawaambia Wakwere wote leo mtalala na njaa, mwiko umetekwa na Wanyamwezi.

Wazee wakacheka kwanza, Mungu awape umri. Mzee mmoja akaniuliza mwiko ukombolewe kwa kitu gani. Walidhani nitasema jogoo. Nikasema nataka sinia moja, wakae Kassimu na Idrisa na mimi, na tule mpaka liishe. Na nikasema mwenye nyumba hii hakuwahi kumwambia kijana yule kwamba alichosema ni sawa, lakini hakuwahi kumnyima chakula wala ubishi, na anayetaka kumnyima leo akaanze kwao.

Kassimu angeweza kutoka, na vijana wangemfuata. Lakini kumkatalia mtani msibani, mbele ya wazee, kwa ajili ya sinia la pilau, ni aibu ambayo ingemfuata mpaka Lugoba kwa wakwe zake. Akaja akakaa. Mwiko nikaurudisha. Kanzu ile haitasafika tena.

Tulikula kimya, tonge kwa tonge. Nilianza kujuta. Halafu Kassimu, bila kuinua uso, akamuuliza, "Walikulipa?" Idrisa akasema, "Hawakunilipa. Ninaamini." Kassimu akasema, "Basi unaamini upuuzi," akaanza na mbolea. Mwenzake akaja na barabara. Huyu akaja na zahanati. Sauti zikapanda, mate yakaruka, watu wa masinia mengine wakageuka, mmoja akaingilia upande huu, mwingine upande ule, sasa turubai zima linabishana na mikono imejaa wali. Nikainuka nikanawe. Kupita dirishani nikamwona Bi Salma kakaa na wanawake wenzake, kajifunika kanga, anatikisika. Nikadhani tumemkosea. Akaniambia, "Waache, shemeji. Nyumba ilikuwa kimya mno."

Siwezi kukudanganya kwamba wamepatana. Kassimu anasema kichwa hakirudishi ukutani mpaka kipate akili. Idrisa amesema akirudi atakichora mwenyewe. Wataendelea hivyo.

Ila kuna jambo limenikaa rohoni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka lile swali langu la mwisho? Nilikuuliza, je, mchezaji akisimama akasema watu fulani si watu, wapigwe, wafukuzwe, huyo naye utamwita ule? Huyo naye utampigia kelele apande? Ukasema, "Hilo niachie nilale nalo." Ukaja ule ugonjwa wako, na kila nilipokuja hospitali nikaona si mahali pa kukuuliza. Ukaondoka nalo, Shomari. Nimeligeuza huku na huku. Siku nyingine nadhani ungesema hapana, kuna maneno yanayofunga mlango. Siku nyingine nadhani ungesema aje kwanza akae, ndipo aambiwe. Sijui, na nimekasirika nawe kwa kuniacha nisijue.

Basi lala, mtani wangu. Mungu akupanulie hapo ulipo, na akusamehe mapenzi yako kwa timu ile. Mimi nakuahidi hivi: kila Idd Idrisa akija, nitakuwepo kwenye benchi lako, na nitabishana naye kwa niaba yako, kwa maneno yako, hata yale ambayo siyakubali. Upande wangu nitautafutia mtu mwingine. Wako sitauacha wazi.

Mtani wako,
Abdala