Rii mbili za Babu Selestine

Adija, nimetoka kwa babu sasa hivi. Nina hasira.

Si unajua alihamishiwa Kisaka enzi za vijiji vya ujamaa? Huko walicheza poka, mchezo wa karata, wakiweka dau la mbuzi, na kila raundi mtu aliruhusiwa kuongeza mbuzi mmoja tu.

Siku moja babu akashika rii mbili, karata kubwa kuliko zote. Maftah, fundi cherehani, akaongeza mbuzi. Tayari mbuzi sita walikuwa wamewekwa, na kubaki mchezoni kungemgharimu babu mmoja tu. Alikuwa anataka kubaki. Ndipo shemeji yake Method, kaka wa bibi, aliyekaa nyuma ya Maftah akiziona karata zake, akatikisa kichwa kumwonya asibaki.

Babu akamwamini. Akatupa karata zake, Maftah akachukua mbuzi wote.

Leo Method kaja kusalimia. Anakunywa chai, anacheka: “Shemeji, Maftah hakuwa na kitu. Wale mbuzi tuligawana.”

Anacheka, Adija. Anacheka kabisa.

Babu akamwambia polepole, “Mbuzi niliowapoteza walikuwa wa dada yako. Alikufa akiniita mwoga kwa kutupa karata zile, na wewe ulikuwa unasikia.”

Kisha akamnyang'anya kikombe, akamwaga chai uani, akamwonyesha njia.