Bandeji Iliyohama Mguu

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokusumbua umeshapoa. Sisi huku hatujambo. Karakana haikosi kazi, mke wangu analalamika kwamba naongea kwa kupayuka kama niko kwenye kelele za vyuma, na mwanao anarefuka hadi sketi zote zimempanda magotini. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Uliponiletea mpwa wangu, uliniambia nimfundishe kukimbia, maana mbio anazo na wewe utotoni hukupata wa kukufundisha. Nikakubali. Jioni nikishafunga karakana tunakwenda uwanja wa shule pamoja na watoto wa mtaani, nami nawaanzisha kwa kugonga kipande cha bomba. Wewe nawe ukawa unapiga simu kila jioni kumuuliza amekuwa wa ngapi. Wa ngapi, dada, kwenye mazoezi!

Baada ya muda akaanza kuchechemea. Nikamfunga bandeji mguu wa kulia, nikamweka pembeni atushikie maji. Siku zilizofuata akawa anajifunga mwenyewe. Jioni moja mke wangu, akiwa anaanua nguo, aliniuliza tangu lini maumivu yakahama mguu. Nikatazama. Bandeji ilikuwa mguu wa kushoto, na mtoto anachechemea kwa ule wa kulia. Nilijikaza nisicheke, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha. Mtoto anayependa mbio alikuwa amejitafutia ugonjwa ili asikimbie.

Sikumgombeza. Kesho yake niliacha bomba karakana, sikumpanga mtu kwenye mstari, nikawaambia watoto wacheze kukimbizana. Mwanao alikaa pembeni na chupa zake za maji mpaka mwenzake mmoja akaja kumgusa kwa uchokozi. Basi akatimka! Bandeji ilifunguka ikawa inaburuzika nyuma yake, naye anacheka hadi anapaliwa, na hakuna aliyemkamata. Siku hizi ndiye anayekuja kunihimiza nifunge kazi mapema. Nilifurahi, sitakuficha.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Yale mashindano uliyosema utakuja kuyaona, jina lake nimeliondoa. Sikukuomba ruhusa, na ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Nilidhani nikimpa habari hiyo atarukaruka. Aliendelea tu kuosha vyombo. Sahani zilipokaribia kwisha akaniuliza, bila kugeuka, kama hashindani, mama bado atakuja?

Dada, nilichukua kitambaa nikaanza kufuta sahani. Kisha nikamwambia utakuja. Nimekusemea bila kukuuliza, na yeye ameniamini, kwa sababu asubuhi nimekuta ameshahamishia mto na shuka lake kwenye godoro la chini, ili kitanda chake ulalie wewe.

Panda basi la asubuhi, ndilo lisilochelewa. Wasalimie jirani zako wote na uutunze huo mgongo. Mke wangu anakusalimu sana. Mwanao hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo hana salamu humu. Zake atakupa mwenyewe kituoni.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mageti