Aliyekunywa Maji ya Yasenitsa

Yasenitsa, Agosti 24

Kaka yangu mpendwa Yavor,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bremen, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua, Mungu ametusitiri. Mama anauliza kila siku kama unakula vizuri. Nimemwambia unakula, basi usiniumbue. Ningeweza kukupigia simu, lakini Baba ameniomba niandike. Utaona kwa nini.

Bila shaka umesikia kwamba mabomba ya mji yamefungwa. Kazi yangu unaijua: kila juma natoka na mashua hadi katikati ya bwawa, nashusha chupa, nachota maji ya juu na ya chini, napeleka maabara. Mwaka huu joto halikuwa na huruma. Mwanzoni mwa mwezi nikakuta upande wa kusini utando wa kijani, mzito kama rangi iliyomwagika, unanuka. Kwenye hadubini sikuhitaji kutazama mara mbili. Ni mwani wenye sumu inayokula ini, na hata ukichemsha maji, sumu haitoki. Nikaandika kwamba mabomba yafungwe siku ileile.

Meya akasema tungoje kipimo cha pili kutoka maabara ya jijini Sofia. Sikukuu ya Bikira Maria ilikuwa mlangoni, wageni wamejaa, nani angewaambia wasinywe hata kahawa? Mkahawani nilichekwa. Todorka muuza mikate akaniita Bi Vijidudu, akauliza tangu lini majani yakaua mtu.

Lakini aliyeniuma ni Baba. Unajua alivyo na bwawa lile. Alimwaga zege la ukuta wake akiwa kijana, na rafiki yake Metodi akafia palepale. Kwake, kulisema vibaya bwawa ni kumtukana Metodi kaburini. Mbele ya watu wote akaniambia, "Wewe binti, maji haya ndiyo yaliyokukuza, leo unayaita sumu?" Nikamjibu kwamba maji yanaumwa, na mgonjwa hafichwi. Akasema basi atanionyesha. Akaenda zizini, akarudi anaongoza farasi, nusu ya mkahawa ikimfuata kwa vicheko hadi ukingoni. Nilishika hatamu. Akanisukuma, Yavor. Hajawahi kunisukuma tangu nizaliwe. Farasi akanywa kwa kiu, watu wakapiga makofi.

Kaka, umeshajua ni farasi gani. Tulikuwa na mmoja tu. Zvezda wako alianza kutetemeka kabla jua halijazama. Daktari wa mifugo alikuja, lakini hakuwa na dawa ya kumpa. Baba aliketi kwenye nyasi kavu, kichwa cha Zvezda mapajani mwake, mpaka akakata roho.

Asubuhi yake ndiyo sikukuu yenyewe. Baba hakunawa hata uso. Alikwenda kanisani watu wakiwa wanatoka ibadani, akasimama kwenye ngazi, akavua kofia. Akasema, "Farasi wa mwanangu amekufa, na mimi ndiye niliyemnywesha. Binti yangu alisema kweli, nikamfanya mwongo. Msinywe." Kisha akaenda kugonga milango ya wale ambao hawakufika. Mchana meya akafunga mabomba. Watoto wawili walitapika vibaya, sasa wamerudi nyumbani. Maji tunaletewa na malori, na Todorka huniwekea nafasi kwenye foleni bila kunitazama usoni.

Baba hushika simu, akatafuta jina lako, akairudisha mezani. Amesema nikuandikie kwamba ukikataa kuongea naye tena, atakuelewa, ila ujue aliyemuua Zvezda ni yeye, usiyalaumu maji.

Hili la mwisho hakunituma. Tangu siku ile, kila nikirudi kutoka bwawani namkuta langoni. Miaka yote ya kazi yangu hajawahi kuniuliza neno, sasa huuliza polepole, kama mtu aliye nje ya chumba cha mgonjwa, "Yanasemaje leo?"

Mpigie, kaka. Yeye hatathubutu.

Mama anakukumbatia, na majirani wote wanakusalimu. Jitunze kwa ajili yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Rumyana